Mchumia Juani

Methali husema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Ni maneno manne tu, lakini yamewatuliza wakulima wengi kuliko hotuba nyingi. Huambiwa mtoto achokaye shambani, huambiwa mwanafunzi aliyekata tamaa, huambiwa mtumishi mpya aonaye kazi kuwa nzito. Na kila aambiwaye huinuka akashika tena chombo chake, kwa kuwa ameahidiwa kwamba jasho lina mwisho, na mwisho wake ni raha. Hapana shaka ni maneno ya hekima. Lakini ndani ya hekima hiyo mna sharti moja ambalo methali haikulitaja kwa kulidhani kuwa dhahiri: kwamba yule achumaye juani na yule alaye kivulini ni mtu mmoja. Itakuwaje wakiwa watu wawili? Itakuwaje mchumaji akila, lakini akala kwa kupewa, kwa kipimo kilichokatwa na mkono ambao haukushika jembe?

Swali hili si mchezo wa maneno. Juu yake husimama au huanguka haki ya mamilioni ya wanawake walimao mashamba madogo katika Afrika ya Mashariki. Siku hizi husemwa mara kwa mara kwamba mwanamke wa shamba akiongezewa pato ataongezewa uwezo, kana kwamba pato na uwezo ni pacha waliozaliwa wameshikana mikono. Yafaa kupima kama ndivyo. Na kipimo kizuri ni mahali penyewe ambapo jembe hulima, wala si ukumbi ambamo jembe husifiwa.

Mahali hapo na pawe Nyakitonto, kata ya wilaya ya Kasulu katika mkoa wa Kigoma, kwenye nyanda za juu ambazo tangu zamani huitwa Buha, nchi ya Waha. Kasulu na jirani yake Kibondo ni nchi ya vilima na mabonde, yenye msimu mmoja mrefu wa mvua uanzao mwishoni mwa mwaka na kuishia mwezi wa nne au wa tano. Huko hulimwa mahindi, maharage, mihogo, karanga, viazi na migomba, na kahawa hupandwa penye miinuko. Mtu apitaye njiani wakati wa palizi huona migongo iliyoinama mashambani, na akiitazama vema ataona kwamba mingi ni ya wanawake. Mwanamke ndiye ateuaye mbegu katika mavuno yaliyopita na kuzihifadhi juu ya moshi wa jiko zisitobolewe na wadudu. Ndiye apandaye maharage katikati ya mahindi, apaliliaye, ang'oaye, apuraye na apepetaye. Muhogo humdai zaidi: hung'olewa, humenywa, hulowekwa majini hata ulainike, huanikwa, hutwangwa au hupelekwa mashineni, ndipo uwe unga. Kati ya kazi hizo kuna kuni na maji, kuna mtoto mgongoni, na kuna chungu cha jioni ambacho hakisamehe uchovu.

Jambo hili halikufichika kwa waliotangulia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, na kwamba hapana mtu katika Tanzania afanyaye kazi kuwapita. Wanaume wa vijijini lilisema wako likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo yalikuwa makali, na yalipotoka katika karatasi iliyobeba siasa ya nchi nzima, yalistahili kutikisa kila nyumba. Hata hivyo yalitumika zaidi kuwahimiza wavivu kulima kuliko kuuliza mavuno ya wenye bidii ni ya nani. Kazi ya mwanamke ilipata sifa. Milki yake haikupata swali.

Mgawanyo huu wa kazi una historia, na historia hiyo ni ya mwendo mrefu. Chini ya utawala wa Waingereza, Kigoma ilitazamwa kuwa ghala la vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Wanaume wa Buha walikwenda kwa maelfu katika mashamba ya mkonge ya Tanga na ya njia ya reli ya kati, wakajulikana kwa jina la manamba. Na kuanzia mwaka 1944, wenye mashamba walipoanzisha ofisi yao ya kuandikia vibarua iliyoitwa SILABU, safari hiyo ikapata utaratibu wa kudumu. Mume alipoondoka, shamba halikuondoka. Mke aliyebaki aliamua ni konde lipi lipumzishwe na lipi lifunguliwe, ni mbegu ngapi ziwekwe na ni chakula gani kiuzwe. Aliamua yote hayo bila kuwa na haki ya kuamua. Mume aliporudi, maamuzi yalimrudia mara moja, kama kofia iliyoachwa msumarini ikimngoja mwenyewe. Huu ni ushahidi mkubwa: ulionyesha kwamba mwanamke hakukosa akili ya kuongoza shamba, wala hakukosa uzoefu, alikosa jina juu ya kile alichokiongoza.

Wala si kweli kwamba Buha haikumjua mwanamke mwenye amri. Katika miaka ya 1950 himaya ya Heru, wilayani Kasulu, ilikuwa chini ya Mwami Theresa Ntare, na wanaume wenye vyeo na ndevu walimsikiliza. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, lakini somo lake halikufutika. Watu wale wale walioweza kumtii mwanamke barazani hawakuona ajabu kwamba mwanamke wa shambani hana kauli juu ya gunia alilolijaza. Sababu ni kwamba kiti cha Mwami kilikuwa cha ukoo, na heshima aliyopewa ilitoka katika damu, si katika uanauke wake wala katika kazi yake. Kwa hivi heshima ya mwanamke mmoja aliye juu si dhamana ya haki ya wengi walio chini. Jambo hili lafaa kukumbukwa hata leo, wakati ambapo wanawake wachache wenye vyeo huonyeshwa kuwa ushahidi kwamba wote wamekwisha kuvuka mto.

Baada ya uhuru yalikuja mabadiliko mengine. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwakusanya watu waliokaa mbalimbali na kuwaweka vijijini. Ardhi ikagawanywa upya, na ilipogawanywa, kaya ilihesabiwa kwa jina la mkuu wake. Na mkuu wa kaya, kwa desturi ya wagawaji na ya wagawiwa, aghalabu alikuwa mwanamume. Baadaye vita vya nchi jirani vilileta wageni wengi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na wakimbizi wa Burundi walikuja kwa vipindi mbalimbali. Walaji wakaongezeka, magari yakaongezeka, na zao lililokuwa la chungu likaanza kuwa la soko. Hapo ndipo swali la methali lilipopata meno.

Msomaji na amfikirie mwanamke mmoja wa Nyakitonto, ambaye hapa hana jina kwa sababu majina yake ni mengi. Analima maharage katika konde alilopewa alipoolewa. Mwaka wa kwanza anapata madebe mawili. Hakuna amwulizaye. Debe moja linakwenda jikoni, na la pili analiuza gulioni kidogokidogo, akanunua chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari la mtoto. Mwaka wa pili amejifunza kupanda kwa mistari, ametafuta mbegu njema, amepalilia mara mbili. Anapata magunia matano. Mchuuzi anafika na gari. Anayatazama maharage, anayamimina kiganjani, anayapenda, kisha anauliza, "Mwenye mali yuko wapi?" Na mwanamke yule, ambaye kucha zake bado zina udongo wa shamba lile, anageuka kwenda kumwita mumewe.

Mume huyu hana haja ya kuwa mtu mbaya. Ni kosa la watetezi wengi wa haki kumpaka mume masizi ili hoja yao ing'ae. Hoja iliyo kweli haihitaji masizi. Na awe mtu mwema. Anauza kwa bei nzuri, anakataa kudanganywa kwa lumbesa, analipa ada ya shule, ananunua mabati mawili matatu, na kwa mke wake analeta kitenge. Mke anapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Ni katika shukrani hiyo kwamba dhuluma imejificha. Mwanamke ameshukuru kwa kupewa kilicho chake. Haki yake imepita mkononi mwa mwingine ikamrudia ikiwa imevaa nguo za hisani, naye hakuitambua tena.

Tofauti ya haki na hisani ndiyo kitovu cha jambo hili. Hisani ni njema, na dunia isiyo na hisani ingekuwa kavu. Lakini hisani hutegemea moyo wa mtoaji. Moyo ukibadilika, hisani hubadilika nao. Haki haitegemei moyo wa mtu. Madhali mume mwema yu hai na ndoa i salama, tofauti hii haionekani, kama ufa wa ukuta usioonekana wakati wa kiangazi. Huonekana siku ya talaka, siku ya mke wa pili, au siku ambayo mume amezikwa na ndugu zake wamekaa chini ya mti kuhesabu mali ya ndugu yao. Siku hiyo mwanamke aliyelima miaka 20 huulizwa alikuja na nini. Jembe alilolichakaza halitajwi, kwa kuwa limechakaa.

Wanafalsafa wamejiuliza zamani ni kitu gani kimpacho mtu haki juu ya matunda ya ardhi. Mwingereza John Locke, katika kitabu alichokitoa mwaka 1689, alijibu kwamba ni kazi: mtu ni mmiliki wa mwili wake, na akichanganya kazi ya mwili huo na kitu ambacho hakikuwa cha mtu, kitu hicho huwa chake. Jibu hili lilisifiwa sana, na kwa mtu ashikaye jembe lina ladha ya haki. Lakini katika sura ile ile Locke alihesabu kuwa mali yake, pamoja na alivyovichimba mwenyewe, hata majani yaliyokatwa na mtumishi wake. Hapo falsafa nzima iliyumba bila mwenyewe kushtuka. Mkono uliokata ulikuwa wa mtumishi. Mali ikawa ya bwana. Ilionekana kwamba kazi humfanya mtu kuwa mmiliki ikiwa kwanza amekubaliwa kuwa mtu wa kuhesabiwa. Na mtumishi alihesabiwa kuwa mkono tu wa mtu mwingine. Mke wa Nyakitonto angeielewa sura hiyo bila kufundishwa kusoma. Yeye pia amekuwa mkono wa mtu mwingine.

Yapo majibu matatu ambayo hutolewa kuitetea desturi, na hayafai kupuuzwa, kwa kuwa hutolewa na watu wenye akili.

Jibu la kwanza ni kwamba nyumba ni moja. Mume na mke si washirika wa duka. Kuhesabiana magunia ni kuingiza mizani mahali pa mapenzi. Jibu hili lina uzuri wake, na lingekuwa kweli kama lingefuatwa kweli. Lakini mara nyingi nyumba huwa moja wakati wa kulima, ikawa mbili wakati wa kuuza. Ikiwa mali ni ya wote, basi ufunguo wa ghala ni wa wote, na bei huamuliwa na wote, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Umoja ambao mmoja hutoa jasho na mwingine hutoa amri hauwezi kuitwa umoja. Wala mapenzi hayakimbii hesabu; wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwatoa katika methali hiyo mume na mke. Zaidi ya hayo, mtu hawezi kumgawia mwenziwe kile ambacho hajakubaliwa kuwa nacho. Mwanamke asiye na chake hawezi kutoa. Huweza tu kupitisha. Desturi imnyimayo milki humnyima hata fadhila ya ukarimu.

Jibu la pili ni kwamba mwanamke mwenye fedha huvunja nyumba: hupata kiburi, hajibu tena kwa upole, na mwisho huondoka. Hapa mtetezi amekiri kuliko alivyokusudia. Amekiri kwamba nyumba ile ilisimama juu ya ukosefu wa njia ya kutokea. Ikiwa upole wa mke ulitokana na mfuko mtupu, haukuwa upole. Na ikiwa alikaa kwa sababu hakuwa na nauli, hakukaa kwa hiari. Ndoa yenye heshima ni ile ambayo mtu angeweza kuondoka na asiondoke. Mume amtakiaye mkewe umaskini ili abaki naye amejidharau mwenyewe kabla hajamdharau mke.

Jibu la tatu ni zito kupita yote mawili. Husemwa kwamba ardhi ni ya ukoo, na mwanamke ni mpitaji: huzaliwa katika ukoo mmoja akaolewa katika mwingine, akipewa ardhi kuwa yake ataiuza kwa wageni, na makaburi ya wazee yatakuwa katika shamba la mtu asiyewajua. Hofu hii si ya kubuni. Lakini mahakama ilikwisha kuipima. Huko Kagera, mkoa wa kaskazini ya Kigoma, mwanamke aitwaye Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alishtaki kwamba mila ya Wahaya, iliyoandikwa katika tangazo la sheria za mila la 1963, haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo ilimbagua mwanamke kinyume cha haki zilizowekwa katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ile ile ya kuuza aliyo nayo mwanamume. Nguvu ya hukumu hii si katika kuruhusu ardhi iuzwe, bali katika kuuliza swali rahisi: ni nani ameuza ardhi nyingi zaidi ya ukoo, wanawake au wanaume? Ikiwa ukoo hauna budi kulinda ardhi yake, na uilinde dhidi ya wote kwa kipimo kimoja. Kufuli linalofungwa upande mmoja wa mlango halilindi nyumba; humfungia mtu mmoja tu.

Kwa upande wa sheria, basi, Tanzania imekwenda mbali. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitamka kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuishika na kuitoa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, hata kama hazikulipwa senti. Ingawa mwenye shauri mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa fungu lake na kulitumia, neno lake limewafaa wengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilibatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke ardhi, ikaagiza pia kwamba katika watu saba wa baraza la ardhi la kijiji watatu wawe wanawake. Na ndugu yake, Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo, iliandika neno ambalo lingemshangaza Locke: kwamba ardhi ikiwa kwa jina la mwenzi mmoja, na mwenzi mwingine akachangia kwa kazi yake kuizalisha na kuiendeleza, basi kwa kazi hiyo mwenzi huyo huhesabiwa kuwa na fungu katika ardhi hiyo. Hapo mtumishi wa Locke amerudishiwa mkono wake. Kilichokatwa na mkono ni cha mwenye mkono.

Lakini sheria ni taa iliyowashwa katika nyumba ya mbali. Anayeiona hujua kwamba mwanga upo. Haimwonyeshi mahali pa kukanyaga. Mwanamke wa Nyakitonto akitaka kuitumia sheria hiyo atalazimika kumshtaki mumewe mbele ya wazee ambao ni jamaa za mumewe, kwa ajili ya shamba ambalo kesho asubuhi atalilima pamoja na wakwe zake. Wengi hupima gharama hiyo na kunyamaza, na unyamavu wao huandikwa kuwa ni kuridhika. Haki ambayo haiwezi kudaiwa ila kwa kuvunja nyumba ni haki ya daraja la pili. Kwa hiyo lazima pawe na kitu kati ya sheria na nyumba. Kitu kidogo, cha karibu, kisichohitaji hakimu.

Kitu hicho kimepatikana, na kwa umbo ni sanduku. Katika vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea vijijini Tanzania katika miaka ya 2000, ambavyo wengi huviita VICOBA, wanachama hukutana kila juma, hununua hisa kwa kiasi wanachokiweza, hukopeshana, na mwisho wa mwaka hugawana akiba pamoja na faida. Wanachama wengi ni wanawake, na haba na haba hujaza kibaba. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu tofauti. Atunzaye sanduku hana ufunguo hata mmoja. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti hata asiyejua kusoma asikie.

Jambo hili dogo lina falsafa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wanawake wale hawakuweka kufuli tatu kwa sababu wanachukiana. Waliziweka ili waweze kupendana bila hofu. Waligundua kwamba uaminifu haukui mahali ambapo mtu mmoja hushika kila kitu na wengine humwombea awe mwema. Hukua mahali ambapo hata asipokuwa mwema hawezi kudhuru. Nyumba nyingi zimejengwa kinyume: zina sanduku moja, kufuli moja na ufunguo mmoja, na usalama wa wote umewekwa juu ya tabia ya mtu mmoja. Mwanamke akaaye katika mkutano wa kikundi, akasikia akiba yake ikitajwa kwa jina lake mbele ya watu 25, kisha akarudi nyumbani mahali ambapo magunia matano hayana jina lake, amejifunza kulinganisha. Kulinganisha huko ni mwanzo wa uwezo, nao hutangulia fedha.

Hata hivyo sanduku halipaswi kusifiwa kupita kiasi. Yako mambo mawili ambayo huliharibia kazi. La kwanza ni deni. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka 2024. Ni mpango wa heri. Lakini mkopo wo wote, uwe wa halmashauri au wa kikundi, unaweza kuingia kwa jina la mke ukatumika kwa amri ya mume, na siku ya kulipa deni likamrudia mke peke yake. Hapo mwanamke amepewa nusu moja ya umiliki, nayo ni ile nusu chungu: amepewa kuwajibika bila kupewa kuamua. Kumkopesha mtu asiye na kauli juu ya shamba lake si kumwinua. Ni kumwongezea mzigo na kuuita ngazi.

La pili ni saa. Siku ya mwanamke wa shamba ilikwisha kujaa kabla mradi wo wote haujafika. Kila shauri jema ajaliwalo nalo, bustani ya mboga bondeni, kuku, nyuki, usindikaji wa muhogo, hutaka saa zake, na saa hizo hazitoki mbinguni. Hutolewa katika usingizi wake, au katika masomo ya binti yake ambaye huitwa kumshika mdogo wake mkono wakati mama yuko bondeni. Pato lililonunuliwa kwa shule ya binti si pato. Ni mkopo uliochukuliwa kwa kizazi kijacho bila kukiuliza. Kwa hiyo mtu atakaye kweli uwezo wa mwanamke hana budi kutazama siku nzima, si soko peke yake: kisima kiko umbali gani, mashine ya kusaga iko wapi, na mume hushika nini baada ya jua kutua. Kizazi cha manamba kilikuwa na udhuru, kwa kuwa mwanamume alikuwa maili mia kadha mbali, akikata mkonge. Mwanamume wa leo aliye chini ya mwembe hana udhuru huo.

Basi uwezo wa mwanamke ni nini? Si fedha, ingawa mkono mtupu haulambwi, na hakuna uwezo wa kudumu bila fedha. Si ardhi peke yake, ingawa bila ardhi fedha yake ni mvua ya siku moja. Uwezo ni kuwa na kauli ambayo isipotolewa jambo haliwezi kwenda. Ni kwamba mchuuzi akifika na kuuliza mwenye mali, mwanamke asilazimike kugeuka; au akigeuka, ageuke kumwita mwenziwe ili washauriane, na mume naye siku nyingine ageuke vivyo hivyo kumwita yeye. Mali ya namna hiyo haiondoki kwa mume ikaenda kwa mke, kama waogopao wanavyodhani. Hutoka kwa mmoja ikaja kwa wawili. Mume hapotezi ila kile ambacho hakikuwa chake, yaani haki ya kumtolea mwenziwe hisani kwa mali ya mwenziwe. Na badala yake hupata kitu ambacho amri haiwezi kukinunua, nacho ni shauri la mtu asiyemwogopa.

Jambo hili haliwaelekei wakulima peke yao. Wasomaji wengi wa kurasa kama hizi ni wana wa mama walimao. Ada zililipwa, madaftari yalinunuliwa, nauli ya kwenda chuoni ilipatikana. Na katika nyumba nyingi cheti cha mwisho kiliwekwa mkononi mwa baba, na picha ikapigwa. Hakuna ubaya katika picha hiyo. Lakini anayejua kusoma sheria za 1971 na 1999, naye akirudi kijijini wakati wa likizo akaona magunia ya maharage yakipakiwa garini, ana deni la kuuliza, kwa adabu na mbele ya baba, ni nani aliyoyalima na ni nani atakayehesabu fedha. Swali hilo moja, likiulizwa na mtoto wa nyumba, huenda likafika mahali ambapo hukumu za mahakama hazijafika.

Methali haina haja ya kufutwa. Yatosha irudishiwe sharti lake lililosahauliwa. Kivuli kipo, na jua limekwisha kuwa kali miaka mingi. Kilichobaki ni kwamba siku ya kula, aliyechuma asikaribishwe kama mgeni. Na akae kwanza, akate sehemu yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha, kwa kuwa sasa anacho cha kutoa, na awakaribishe wengine.